Mkono wa Usukani na Mkono wa Taifa

Majirani zetu hupenda kusema kwamba nchi yetu haina sheria. Hao ni watu wenye kijicho tu. Sheria tunazo nyingi kiasi kwamba nyingine zimelazwa kwenye korido ya wizara kwa kukosa kabati, na mfagiaji huzihamisha kila asubuhi ili apate kupiga deki. Mimi nazifahamu kwa sababu ndimi ninayeziandika. Naitwa Kisaka, karani mwandamizi msaidizi katika Wizara ya Barabara na Nidhamu, na nina miaka kumi na saba kwenye meza ileile. Nitaeleza jinsi sheria ya simu ilivyotungwa, na yaliyotukuta mimi na Chande kwa sababu yake. Sitamsema mtu vibaya. Nikisema nilikuwa na wivu, hapo nasema ukweli tu, maana wivu nilikuwa nao.

Mambo yalianza pale gari moja la serikali, likiendeshwa na mkubwa mmoja aliyekuwa akiongea na simu, lilipoacha barabara, likaingia katika duka la fundi cherehani na kutokea upande wa pili. Mashahidi wote walikubaliana kwamba mkubwa yule hakukatiza mazungumzo hata mara moja. Fundi alivunjika mbavu tatu. Tume iliyoundwa kuchunguza ilibaini kwamba duka lilikuwa mbele ya gari. Hata hivyo wananchi walinung'unika, na kwa kuwa serikali yetu ni sikivu, haikupita wiki mbili sheria ikawa imepitishwa: marufuku kutumia simu ya mkononi ukiwa unaendesha. Mimi niliichapa kwa vidole vyangu hivi, na nilijisikia vizuri sana, kwa sababu ilikuwa sheria fupi na kila mtu aliielewa.

Siku tatu baadaye walikamatwa wabunge kumi na mmoja, majaji wawili na mke wa waziri. Hapo ndipo tulipogundua kwamba sheria ilikuwa fupi mno.

Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Injinia Pongwa, aliitisha mkutano uwanjani.

"Ndugu wananchi," alisema, "dereva wa kawaida ana mikono miwili, na yote miwili ni yake. Aishike usukani, aende kwake salama. Lakini kiongozi ana mkono mmoja wa usukani na mkono mmoja wa taifa! Sasa nawauliza: mnataka kiongozi akikata kona taifa alishikishe nani?"

 Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Hivyo kikazaliwa Kibali cha Maongezi ya Usukani. Ni karatasi ya kijani yenye mhuri, na pamoja nayo stika yenye nyota tatu ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Mwenye kibali akipita anaongea, trafiki anasimama wima na kupiga saluti. Asiye na kibali akigusa simu ananyang'anywa gari.

* * *

Sijui kama wageni wataelewa jambo hili, lakini nchini kwetu ghafla ikawa aibu kuonekana unaendesha kwa mikono miwili. Ukipita mtaani umeushika usukani kulia na kushoto, watu walikutazama kwa huruma. Wazazi wenye mabinti waliacha kuuliza mchumba anafanya kazi gani. Walichouliza ni kama anaongea akiendesha.

Watu wakaanza ujanja. Wakawa wanaweka kipande cha sabuni ya kufulia sikioni na kutikisa kichwa kama wanaokubaliana na mtu. Trafiki hawakuwa na la kufanya, maana sabuni si simu. Ikabidi nichape marekebisho: "Ni kosa kwa dereva kushika sabuni, muhogo, kandambili au kitu chochote kwa namna ya kusikiliza." Wiki ile wauza sabuni waliandamana, lakini kwa utulivu.

Mimi nilikitaka kibali. Nasema hivyo waziwazi. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kupandishwa cheo. Mke wangu, Tunu, kila tukiwa garini alikuwa akiangalia magari yenye nyota tatu, kisha anaangalia mikono yangu miwili, kisha anatazama nje. 

Basi tangazo likaja kwamba kila ofisi ya wizara itapewa kibali kimoja. Ofisi yetu ina watu wawili tu wenye magari. Mimi ndiye wa kwanza. Wa pili ni Chande Lipande, niliyempokea mwenyewe alipoajiriwa miaka minne iliyopita na kumwonyesha jalada linavyofungwa kamba. Gari langu ni la milango minne na rangi yake haijachubuka. Gari la Chande lina milango miwili, na mmoja umefungwa kwa waya. Niliona kazi imekwisha.

Usaili ulifanywa na Kamati ya Uzito wa Maongezi. Wajumbe watano walikaa nyuma ya meza ndefu wakiwa na fomu ya kupimia kama mtu ana maongezi mazito au mepesi. Nilikuwa nimepanga na Tunu anipigie saa nne kamili, ili kamati ione ninavyotafutwa. Saa nne kamili simu ikalia. Niliikwapua kabla haijalia mara ya pili.

"Baba Rehema," sauti ya Tunu ikajaa chumba kizima, "gesi imeisha na wewe ndiye uliyeondoka na ufunguo wa stoo."

Mwenyekiti aliandika kitu. Nilichungulia. Aliandika: *robo kilo*.

Akaingia Chande. Nilibaki mlangoni nikisikiliza. Katikati ya maswali simu yake nayo ikalia. Chande akaitoa mfukoni, akaitazama, akaizima, akairudisha.

"Samahani, waheshimiwa," alisema. "Endeleeni tu."

 Wajumbe watano waliangaliana. Katika maisha yao hawakuwahi kuona mtu anayepigiwa simu asipokee. Mwenyekiti alinyanyuka nusu kutoka kitini kwake, kwa adabu, na kumuuliza ni nani aliyekuwa akipiga.

"Ni jambo la nyumbani, mheshimiwa. Anaweza kusubiri."

Alikuwa mama yake. Mama yake humpigia kila siku saa nne na nusu kumuuliza kama amekula. Lakini kamati haikujua hilo, nayo ilimwona kama mtu mkubwa mno ambaye hata taifa linaweza kumsubiri. Alipewa kibali palepale, na mwenyekiti alimfungulia mlango.

* * *

Sasa nitasema jinsi wivu unavyouma, kwa faida ya wasiowahi kuumwa nao. Unaanzia tumboni. Asubuhi nilikuwa natoka na gari langu zuri, mikono miwili kama mwanafunzi wa udereva, na mbele yangu naliona lile gari la waya likipita taratibu kwenye mzunguko, Chande ameegemea dirisha, simu sikioni, na afande amekakamaa kwa saluti.  Nilikuwa namchukia kwa namna alivyoinamisha shingo. Nilichukia hata lile sikio.

"Chande siku hizi amepata sura ya mtu mkubwa," Tunu alisema jioni moja, akichambua mchele.

"Sura ileile," nilijibu. "Sikio tu ndilo limebadilika."

"Hata sikio, Baba Rehema. Hata sikio si kila mtu analo."

Sikulala vizuri. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba Chande mwenyewe hakuringa. Kila siku alinisalimu vilevile, "Shikamoo, kaka Kisaka," na kuniuliza hali ya Rehema na kifua chake. Angeringa kidogo ningepata nafuu.

Lakini mimi ni mwandishi wa sheria. Na nilijua kitu kimoja kuhusu Chande ambacho kamati haikukijua, kwamba hana watu wa kuongea nao. Ana mama mmoja, basi. Mama yake akishamuuliza kama amekula, hukata simu na kwenda shambani. Ninavyofahamu, njia nzima ya kuja kazini Chande alikuwa ameshika simu iliyozimwa, kwa kuwaogopa tu maafande waliotaka kupiga saluti.

Nikaketi, nikachapa Kanuni ya Kumi na Nne: "Mwenye kibali atakayekutwa anaendesha pasipo kuongea atahesabika kuwa amekitupa kibali cha umma, naye atanyang'anywa kibali pamoja na gari." Nilimpelekea Waziri. Aliisoma huku akiongea na simu, akapiga meza kwa furaha.

"Hii ni akili!" alisema, sijui kama aliniambia mimi au yule wa kwenye simu. "Hatuwezi kuwa na viongozi wanaonyamaza barabarani wakati nchi ina matatizo!"

Kanuni ilianza kazi Jumatatu. Kikosi cha Ukaguzi wa Maongezi kiliwekwa kwenye makutano yote. Kazi yao ilikuwa kusimamisha magari yenye nyota, kuchukua simu na kusikiliza kama upande wa pili kuna mtu. Alhamisi walimsimamisha Chande. Upande wa pili hakukuwa na mtu.

Gari la waya lilivutwa hadi yadi ya serikali. Chande alikuja ofisini kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, akaketi.

"Wana haki," aliniambia. "Nilikuwa kimya kweli."

Nilimpa pole. Naapa kwamba nusu ya pole ile ilitoka moyoni. Mchana nikaitwa, nikakabidhiwa kibali cha ofisi yetu, pamoja na stika, na gundi ya kubandikia.

* * *

Siku ya kwanza nilikuwa na furaha isiyo na mfano. Tunu alinipigia mwenyewe, tukaongea tangu getini hadi wizarani. Maafande wanne walinipigia saluti, na mmoja alidondosha kofia. Siku ya pili tukaongea tena, mambo ya kusema yakaanza kupungua. Siku ya tatu akasema, "Baba Rehema, nina sufuria motoni. Jana umenisimulia ndoto, leo unaniambia rangi za magari. Mtafute mwingine."

Nilimtafuta shemeji, akavumilia siku mbili. Nilipiga huduma kwa wateja ya mtandao wa simu nikauliza habari za mtandao, halafu habari za hali ya hewa, halafu habari za watoto wa dada aliyepokea. Wakaniomba kwa upole nisipige tena. Nilipitia majina yote katika simu yangu. Miaka kumi na saba serikalini, na nikakuta nusu ya majina ni ya mafundi bomba. Jumatano nilikaribia makutano, wakaguzi wamejipanga, na sina mtu.  Niliona tayari gari langu linavutwa kwenda yadi, na Tunu anachungulia dirishani.

Nikampigia Chande.

"Shikamoo, kaka," alipokea. Alikuwa anahema kidogo.

"Marahaba. Uko wapi?"

"Natembea. Nina nusu saa hivi mpaka kazini. Kuna tatizo?"

Nilimweleza. Sikumweleza ni nani aliyeandika Kanuni ya Kumi na Nne. Alicheka kidogo, kisha akasema, "Basi nipigie kila siku, kaka. Mimi mwenyewe njia huwa ndefu."

Hata wema huo niliuonea wivu. Mtu anawezaje kuwa na wema unaomtosha na kubaki?

Ikawa kila asubuhi tunaongea, mimi garini, yeye kwa miguu. Nilitegemea kumsimulia yanayompata mwenye kibali, na nilimsimulia. Lakini yeye naye alikuwa na yake. Alinisimulia kwamba mama muuza uji wa kwenye kona sasa anamjua kwa jina. Mzee mmoja anayetengeneza baiskeli alimwalika harusi ya mwanawe. Yule fundi cherehani wa mbavu tatu amefungua tena, na anamshonea suruali. Nilikuwa nasikia watu wakimsalimu nyuma ya sauti yake, Chande hujambo, Chande umeamkaje. Mimi nilipigiwa saluti na watu wasiojua jina langu. Basi nami nikawa naongeza sauti, na kuongeza idadi ya maafande.

Jumanne moja kulikuwa na mkaguzi mkuu kabisa kwenye kivuko cha waenda kwa miguu karibu na soko. Amevaa mikanda miwili. Aliponiona naongea alisimama wima na kunyanyua mkono wake taratibu, saluti kubwa ambayo sikuwahi kuiona akipewa hata mbunge. Niligeuza kichwa nimtazame vizuri.

"Chande!" nikapaza sauti. "Ananipigia saluti mkuu wao! Mwenye mikanda miwili! Laiti ungeniona, Chande! Laiti ungekuwepo hapa!"

Nilisikia mshindo mara mbili. Mmoja niliusikia kwa sikio la barabarani, na mwingine kwa sikio la simu.

* * *

Mkaguzi mkuu alifika mbio, akaenda moja kwa moja dirishani kwangu.

"Mheshimiwa, ulikuwa unaongea?"

"Nilikuwa," nilisema. 

"Na nani?"

Nilimwonyesha. Chande alikuwa amelala juu ya mistari myeupe, mguu mmoja umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Nilitaka kushuka, lakini mkaguzi aliniomba nibaki mpaka ukaguzi uishe. Aliiokota simu ya Chande, akaiweka sikioni, kisha akachukua yangu akaiweka sikio la pili. Akasema "haloo" kwenye moja, akajisikia kwenye nyingine. Uso wake ukafunguka.

"Maongezi yapo," alitangaza kwa umati uliojaa. "Tena hayajakatika! Hakuna kosa lililotendeka hapa."

Mama muuza uji alikuwa amepiga magoti, ameweka kichwa cha Chande mapajani. "Msaidieni basi!" alilia. "Nyie ni watu gani? Mtu anakufa mnasikiliza simu!"

Hapo ndipo walipomnyanyua. Mimi nilibaki nimeushika usukani kwa mikono miwili, na sikuweza kuibandua.

Gazeti la serikali la kesho yake liliandika kwa herufi kubwa kwamba mwananchi mzalendo amevunjika mguu mahali pawili akishiriki maongezi ya kitaifa, na kwamba hakukata simu. Picha yangu haikuwekwa.

Siku ya nne nilipata nguvu ya kwenda hospitali. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilikusudia kumwambia yote: mimi ndiye niliyeandika ile kanuni, niliiandika kwa ajili yake, kwa sababu ya tumbo langu hili, na gari lake limevutwa kwa ajili hiyo, na mguu wake umevunjika kwa ajili hiyo. Nilikuwa nimeamua kupiga magoti. Daktari mlangoni aliniambia mguu utapona, lakini Chande hatatembea tena sawasawa. Nikaingia ninalia.

Alikuwa amekaa, mto mgongoni, mguu mzima umefungwa plasta ngumu nyeupe na kuning'inizwa kwa kamba. Mama yake alikuwa kando ya kitanda anamenya chungwa. Alinipa kiti chake.

"Shikamoo, kaka," Chande alisema. "Usilie. Ulisema laiti ningekuona, na mimi nilikuona. Nilikuona tangu ulipokata kona. Nikakupungia mkono, nikadhani umeniona, ndiyo maana nikavuka."

 Niliinamisha kichwa mpaka paji langu likagusa ukingo wa kitanda, na machozi yakadondoka juu ya shuka. Nilijua sasa ndiyo saa ya kusema, kwamba nikitoka mle bila kusema sitasema tena maisha yangu yote. Nikainua uso.

Na hapo, sentimita chache kutoka puani mwangu, nikaona maandishi kwenye ile plasta, kwa wino wa bluu: *Kwa Ndugu Chande Lipande, ambaye taifa linamthamini.* Chini yake sahihi ndefu yenye mkia, naijua, nimeipelekea majalada miaka kumi na saba. Pongwa. Na tarehe.

Waziri yule hajawahi kuandika jina langu popote. Alipotaka kuniita, aliita "wewe wa majalada".

"Sema, kaka," Chande alisema taratibu. Mama yake naye aliacha kumenya, akinisubiri. "Una jambo. Naliona."

Nilifungua mdomo.

"Hivi," nikasema, "alikuja mwenyewe, au alimtuma katibu?"